Je, Wajua? Sauti Iliyohamia Kwenye Televisheni

Kijana wa Kamembe, wilayani Rusizi, akiunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI ili acheze gemu ya mpira, spika za kompyuta huweza kunyamaza ghafla. Hazijafa. Waya huo hubeba picha na sauti pamoja, na Windows mara nyingi huipeleka sauti yote kwenye televisheni. Bofya alama ya spika pembeni mwa skrini, uchague spika zako. Gemu ikikaidi, ifunge uifungue upya. Baadhi huchagua njia ya sauti zinapoanza tu.

Skrini ikiwa nyeusi huku gemu ikisikika? Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Dreva ya kadi ya picha huanza upya bila mashine kuzimwa. Mlio mfupi ukisikika, amri imepokelewa.