Intakomu za kofia za pikipiki: Mnunuzi yupo, lakini si yule anayedhaniwa

VIFAA vya mawasiliano vinavyofungwa ndani ya kofia ngumu za waendesha pikipiki, maarufu kama intakomu, humvutia haraka mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Luthuli, Nairobi, anapovikuta kwenye maduka ya jumla ya Shenzhen. Boksi ni dogo, uzito wake haufiki kilo, na aina za kawaida huanzia chini ya dola 60 za Marekani. Hesabu ya kichwani hujipiga yenyewe: Afrika Mashariki imejaa pikipiki, kila pikipiki ina dereva na abiria, kwa hiyo wateja ni mara mbili ya idadi ya pikipiki. Hesabu hiyo ndiyo inayoweza kumwacha mtu na mzigo uliododa.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Ni spika mbili nyembamba zinazokaa usawa wa masikio, maiki mbele ya mdomo, na kisanduku chenye betri na vitufe kinachobanwa ubavuni mwa kofia. Huunganishwa na simu kwa Bluetooth, teknolojia iliyoanzia katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994, na ambayo tangu 1998 inasimamiwa na umoja wa makampuni ulioanzishwa na Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba. Kabla ya hapo dereva na abiria waliotaka kuongea walifungwa nyaya kutoka kofia moja hadi nyingine, na aliyeteremka bila kukumbuka alivutwa shingo. Kampuni ya Cardo ya Israel ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuondoa waya huo, katikati ya miaka ya 2000, na Sena ya Korea Kusini ikafuata. Majina hayo mawili ndiyo yanayotajwa zaidi Ulaya na Marekani hadi leo.

Huko soko limejengwa na safari ndefu. Mtu na mwenzi wake wanapanda pikipiki kubwa, wanakwenda kilometa 300 kwa siku, na kila mmoja ana kofia yake mwenyewe. Honda ilipotoa Gold Wing ya 2018 yenye mfumo wa CarPlay wa Apple, mfumo huo ulihitaji dereva awe ameunganisha vifaa vya masikioni ndipo ufanye kazi. Mnunuzi wa pikipiki ya namna hiyo haoni tabu kulipa. Packtalk Edge ya Cardo, iliyotoka 2022, ilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 390 kwa kofia moja.

Abiria wa bodaboda ni mtu mwingine kabisa. Safari yake ni ya dakika 10 au 20, kofia anayopewa imevaliwa na watu wengi tangu asubuhi, na mara nyingi hataki hata kuivaa. Akitaka kumwambia dereva akate kona kushoto, anamgusa bega. Hakuna sababu ya dereva kutoa fedha za wiki nzima ili kumnunulia abiria spika itakayojaa jasho na kuibwa kabla mwezi haujaisha. Anayeagiza intakomu za jozi kwa ajili ya bodaboda anaagiza bidhaa ya watalii na kuipeleka kijiweni.

Mnunuzi wa kweli yuko kiti cha mbele. Yeyote anayesimama kwenye taa za barabarani Dar es Salaam, Mombasa au Kampala atamwona dereva aliyechomeka simu kati ya sikio na kofia, anaongea na mteja huku akiendesha. Wapo pia wanaosambaza vyakula na vifurushi, na wanaopokea abiria kwa programu za simu, ambao hulazimika kutazama ramani kila baada ya muda mfupi. Hawa wanahitaji kifaa kimoja, cha bei ya chini, kinachopokea simu kwa kugusa kitufe na kusoma maelekezo ya njia sikioni. Wengine ni shule za udereva wa pikipiki, ambako mwalimu anayefuata nyuma anaweza kumwelekeza mwanafunzi bila kupiga kelele, kampuni zinazotembeza watalii kwa pikipiki, na klabu za wenye pikipiki kubwa. Makundi haya matatu ni madogo, lakini hulipa vizuri na hurudi kununua vipuri.

Muuzaji asimdanganye mteja kuwa kifaa kinaondoa hatari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dereva anayetumia simu yuko karibu mara nne zaidi katika hatari ya kupata ajali, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haileti nafuu kubwa kuliko inayoshikwa, kwa sababu akili imekwenda kwenye mazungumzo. Kwa maelekezo ya njia, kifaa kina manufaa kuliko kutazama kioo cha simu. Kwa maongezi marefu, ni kiini macho.

Kuhusu ubora, kinachowaponza waagizaji ni maandishi ya nje ya boksi. Aina nyingi za bei ndogo huandikwa mita 1,000 au 1,200 na "waendeshaji 6". Umbali huo hupimwa mahali pa wazi pasipo kizuizi, na ukiweka kona, lori au jengo katikati unapungua sana. Dereva na abiria wa pikipiki moja wako umbali wa shubiri moja, hivyo mteja wa aina hiyo hulipia mita ambazo hatazitumia kamwe. Ama hao waendeshaji 6, katika baadhi ya aina maana yake ni kwamba kifaa hukumbuka vifaa vingine vitano, ila wanaoweza kuongea kwa wakati mmoja ni wawili tu. Klabu iliyonunua vifaa vinane itayagundua hayo siku ya safari, na simu ya kwanza itapigwa kwa muuzaji.

Vifaa vinavyomudu kundi hasa hutumia mfumo wa meshi, ambapo kila kofia hupokea sauti na kuipeleka mbele, na mmoja akitoka kwenye kundi mazungumzo hayakatiki. Cardo iliutoa mwaka 2015 kwa watu hadi 15, nayo Sena ikaja na wake 2018. Bei yake ni ya juu na mauzo yake hapa ni ya kuhesabika. Ni busara kuviagiza baada ya mteja kulipa malipo ya awali.

Tatizo lingine ni lugha ya vifaa. Kuunganisha kifaa na simu kuna kanuni moja duniani, kwa hiyo simu yoyote itakubali. Kuunganisha kofia na kofia kila kampuni ilijitengenezea njia yake, na chapa mbili tofauti zinaweza kukataana au kukubaliana kwa shida, wakati mwingine kwa kukidanganya kifaa kimoja kuwa mwenzake ni simu. Anayeanza biashara hii na achague chapa moja na kubaki nayo. Mteja aliyenunua kimoja mwaka huu atataka cha pili cha kuelewana nacho mwaka ujao.

Kofia nazo zina masharti. Kofia iliyofunika uso wote huhitaji maiki ya waya mfupi inayobandikwa kidevuni, na iliyo wazi huhitaji maiki yenye mkono. Kofia nyepesi zinazouzwa na pikipiki nyingi hazina nafasi ya spika, na kibanio hukosa pa kushika. Mzigo wenye maiki ya aina moja tu ni nusu ya mzigo. Kwa mvua za masika, tafuta namba kama IP67, yenye maana kwamba vumbi haliingii na kifaa kinavumilia dakika 30 katika maji ya kina cha mita moja. Neno la Kiingereza la kusema hakiingizi maji, bila namba, halimbani mtengenezaji kwa lolote.

Kabla ya fedha kutumwa, vibali vishughulikiwe. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4 ambayo mtumiaji halipii, lakini kifaa chenyewe, kwa kuwa kinatoa mawimbi ya redio, kinahitaji kibali cha aina kutoka TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Wakala wa forodha aulizwe mapema kama mzigo utaingizwa kwenye kifungu 8517 cha vifaa vya mawasiliano au 8518 cha spika na maiki, kwani kodi hufuata kifungu. Betri za akiba zisizo ndani ya kifaa ni balaa jingine: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zisizidi asilimia 30 ya chaji.

Chukua mfano wa mzigo wa boksi 100 ulionunuliwa kwa dola 30 kila moja, na kufika dukani kwa dola 45 baada ya usafiri, kodi na vibali. Zikiuzwa dola 65, mtaji hurudi boksi la 70 linapouzwa, na faida ya mzigo mzima ni dola 2,000. Boksi 15 zikirudishwa na kubadilishwa kwa nyingine kutoka kwenye rafu, faida hiyo inashuka hadi dola 1,025. Ndiyo maana sampuli tano zifungwe kwanza kwenye kofia za madereva wanaofahamika, zinyeshewe na zichomwe jua kwa mwezi mmoja kabla ya oda kubwa. Oda hiyo ikifika wakati wake, iwe na maiki, vibanio na spika za ziada, kwa sababu hivyo ndivyo huvunjika kwanza, na mteja aliyekosa kibanio cha dola mbili hatanunua kifaa kipya. Atakwenda kwa fundi wa gundi.