Hela ya Mjerumani haisuguliwi

MFANYABIASHARA mmoja wa mitumba hapa Kariakoo aliniletea kopo la maziwa lililojaa sarafu za shaba. Nyingi zilikuwa hela za Mjerumani, nyingine pesa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na chache za Zanzibar zenye picha ya mizani. Alizinunua kwa kilo kwa mtu wa vyuma chakavu, na fedha aliyoweka humo ilikuwa ada ya mtoto ya muhula mzima. Zote ziling'aa kama sufuria mpya.

"Nimezisugua mwenyewe, kwa limau na majivu," alisema kwa fahari.

Nilikosa la kumwambia. Kwa limau hilo alikuwa amefuta sehemu kubwa ya faida yake kabla hajapata hata mnunuzi mmoja.

Biashara hii ina mvuto kwa mwenye mtaji mdogo, maana mali yenyewe imelala majumbani mwetu. Hata neno "hela" tumelipata kutokana na sarafu hizi. Pesa za Kampuni zilitolewa mwaka 1890 hadi 1892, na 64 kati yake zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 rupia ikagawanywa kwa hela 100. Hela moja ilikuwa na gramu 4 na upana wa milimita 20, na ilitengenezwa kwa mamilioni. Kwa hiyo msomaji asidanganywe na umri. Hela ya kawaida iliyochakaa ni ya bei ndogo, hata ikitimiza miaka mia na zaidi. Kinachopandisha bei ni hali yake.

Wanunuzi wa nje hupanga hali hiyo kwa herufi: G kwa iliyolika sana, kisha VG, F, VF, XF, na UNC kwa ile ambayo haikupita mikononi mwa watu. Wamarekani huongeza namba, kuanzia 1 hadi 70. Kipimo hicho kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, na hesabu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: sarafu ya 70 ilitakiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya 1. Soko halikuifuata hesabu hiyo, lakini namba zimebaki.

Uchakavu huanzia sehemu zilizoinuka. Kwenye hela, tazama taji: msalaba mdogo wa juu na matao yake. Geuza, tazama majani ya shada linalozunguka thamani. Majani yakiwa na mishipa yake, umeshika kitu. Yakiwa bapa, shuka daraja. Kwenye pesa ya Kampuni anza na kifua na kichwa cha tai, kisha uhakikishe mwaka wa Kiislamu upande wa Kiarabu unasomeka (1307, 1308 au 1309). Upande ulio mbaya zaidi ndio unaoamua daraja, ingawa muuzaji atakuonyesha ule mzuri.

Shika sarafu kwa ukingo, kwani jasho la kidole huacha alama ya kudumu kwenye shaba. Iinamishe chini ya taa moja. Sarafu ambayo haijatumika hutoa miale inayozunguka uso mzima unapoigeuza. Iliyosuguliwa hung'aa pia, lakini mng'ao wake umetulia mahali pamoja, na kwa lenzi ya sonara utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Rangi yake nayo huwa ya waridi, si ile nyekundu ya asili.

Rangi ni fedha. Kwa shaba, kampuni za Marekani za kupanga madaraja huandika RD kwa iliyobakiza wekundu wa asili karibu wote, RB kwa mchanganyiko, na BN kwa ya kahawia. Kahawia laini, iliyotulia, si kasoro hata kidogo. Ni ngozi ya shaba. Kasoro ni kutu ya kijani inayokula chuma na kuacha vishimo. Iliyosuguliwa hupewa cheti kisicho na namba, na ada ya kupimwa umeshalipa. Kwa hela ya kawaida ada hiyo huweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe, hivyo si kila kitu cha kupelekwa huko.

Sarafu ya kuchunga sana ni ya hela 20 ya mwaka 1916. Wajerumani waliitengeneza Tabora wakati wa vita, sarafu za nje zilipokosekana, nyingine kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba ya njano. Kazi ilikuwa ya haraka, na nyingi zilitoka na herufi hafifu tangu siku ya kwanza. Asiyejua huziita zilizochakaa na kuziuza kwa bei ya chini. Tazama sehemu hafifu: ikiwa bado ina ule uso mkwaruzo wa chuma kibichi, haikulika, bali haikupigwa chapa sawasawa. Mimi hununua hizo kwa furaha.

Jambo jingine dogo: senti 10 zenye tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward wa Nane aliyejiuzulu mwaka huohuo, si adimu kama wachuuzi wanavyoapa. Na sarafu ndogo za masultani wa Kilwa msiziguse. Ni mali ya kale kisheria.

Turudi kwenye kopo. Chini kabisa, zimeng'ang'ania kwenye mafuta yaliyoganda, nilikuta hela nne za mwaka 1913 zenye herufi J ya Hamburg. Limau halikuzifikia. Kahawia safi, majani ya shada yote yakisomeka. Tulizitia kwenye bahasha za karatasi kavu, kila moja peke yake. Juma lililopita zimepata mnunuzi, na bei yake imerudisha karibu nusu ya ada. Zile zinazong'aa bado zimo koponi.