Bomba likipita karibu na masomo: kelele kiasi gani?

Siku hewa iko safi, mtu akisimama Kasenyi ao Tchomia anaona milima ya ng'ambo ya Ziwa Albert. Ni upande wa Hoima na Kikuube, fasi wengi kati yetu tuko na ndugu, na fasi samaki na vitenge vinavuka kila juma. Ni huko ndiko bomba kubwa la mafuta linaanzia, katika Kabaale, wilaya ya Hoima, na linaenda mpaka Chongoleani karibu na Tanga, kando ya bahari ya Tanzania. Urefu wake ni kilometa 1,443. Kati ya hizo, 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Wenye mradi walitoa uamuzi wa mwisho wa kutia feza mwezi wa pili 2022, na tangu hapo watu wa huku pia wanasikia habari zake, kwa redio na kwa wafanya biashara wa ziwani.

Habari nyingi zinahusu mashamba, malipo na mazingira. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho watu wanakitaja mwishoni, kama wanakitaja: kelele. Kelele haiachi shimo wala moshi. Siku mashini zikiondoka, haiko tena, na hakuna wa kuonyesha alama yake. Lakini mtoto wa miezi miwili ambaye halali anaisikia, na mwanafunzi wa darasa la sita anayejitayarisha kwa mtihani wa serikali anaisikia pia.

Katika mkutano wetu mama mmoja alisimulia hivi. Mtaani kwake walikuwa wanachimba mtaro wa bomba la maji, karibu na masomo ya watoto wake. Alienda kuuliza kwa nini mashini hazinyamazi hata wakati wa masomo. Kiongozi wa shantie alimjibu kwa heshima: “Mama, kelele yetu iko chini ya kiwango.” Akarudi nyumbani. Hakuwa na la kuongeza, maana hakujua kiwango ni nini. Jibu hilo ndilo nataka tulifungue leo, na bomba la Hoima litatusaidia, kwa sababu upande ule viwango vimeandikwa kwa tarakimu.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Hesabu yake inadanganya jicho. Mashini mbili zenye kelele sawasawa, zikiwekwa pamoja, hazifanyi desibeli mara mbili. Zinaongeza desibeli 3 tu. Na kelele ikiongezeka desibeli 10, sikio letu linasikia kama imekuwa mara mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia “tumepita kiwango kidogo tu, desibeli 10”, usiitike haraka. Njia moja rahisi ya kupima bila chombo: simama karibu na mwenzako, urefu wa mkono mmoja. Kama lazima upaze sauti ndipo asikie, kelele iko karibu na 85 ao zaidi. Kiasi hicho, saa nane kila siku, kinaanza kuharibu masikio ya mfanyakazi. Kikipanda mpaka 88, saa zake za usalama zinakatika kuwa ine, na kwa 91 zinabaki mbili. Wamama wanaosaga mihogo kwenye mashini kutoka asubuhi mpaka jioni, hii inawahusu hata bila bomba.

Sasa viwango. Uganda ilitoa kanuni za kelele mwaka 2003. Katika kanuni hizo, mtaa wa kukaa watu tu hauruhusiwi kupita desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mchana unahesabiwa kutoka saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa ine ya usiku. Lakini kuna orodha ya pili, ya shantie za ujenzi. Humo, karibu na hospitali na masomo, kiwango ni 60 mchana na 50 usiku. Karibu na nyumba zingine, kiwango kinapanda mpaka 75 mchana na 65 usiku.

Munaona? Nyumba ile ile, mtoto yule yule, na tarakimu mbili mbali kabisa: 50 na 75. Kiongozi wa shantie anayesema “tuko chini ya kiwango” anaweza kusema kweli kwa orodha moja, na mama anayelalamika anaweza kuwa na haki kwa orodha ingine. Tofauti ya 25 si kidogo. Kwa sikio ni kama kelele kuongezeka zaidi ya mara tano.

Kuna kiwango cha tatu. Miradi mikubwa inayotafuta mikopo ya kimataifa inafuata pia mwongozo wa kundi la Banki ya Dunia wa mwaka 2007. Huo unasema 55 mchana na 45 usiku kwa nyumba na masomo, ao kelele isiongezeke zaidi ya desibeli 3 juu ya ile iliyokuwako mbele ya mradi. Na unaongeza jambo ambalo ningependa kila kikundi cha wamama kilikariri: kama sheria ya inchi na mwongozo hazilingani, ile iliyo kali zaidi ndiyo inafuatwa. Wenye bomba la Hoima wamesema wazi kwamba wanafuata viwango hivyo vya kimataifa.

Tupime basi, kama tunavyofanya kwenye ubao. Mashini ya kuchimba udongo, ile yenye mkono mrefu, inatoa karibu desibeli 81 kwa mtu aliye metre 15 mbali. Kila mara umbali unapokuwa mara mbili, kelele inashuka desibeli 6. Kwa metre 30 inabaki 75. Kwa 60 inabaki 69. Kwa 120 ni 63, kwa 240 ni 57, na kwa 480 ni 51. Hiyo ni fasi ya wazi. Kilima, ukuta ao udongo uliorundikwa katikati vinapunguza zaidi.

Weka tarakimu hizo kando ya viwango. Nyumba iliyo metre 30 kutoka mashini iko sawasawa kabisa kwa orodha ya ujenzi, 75 kwa 75. Masomo yanahitaji kuwa mbali karibu metre 170 ili kufika 60. Na ili mtaa wa kawaida ubaki na 50 yake, mashini hiyo moja lazima iwe mbali karibu nusu kilometa. Na hatujahesabu mashini ya pili, ya tatu, kamyo zinazoleta mabomba, na jenereta. Mashini ine sawasawa zinaongeza desibeli 6, yaani ni kama umbali wote umekatwa nusu.

Kazi ya bomba la mafuta inafanyika ndani ya mstari wa ardhi wa upana wa metre 30. Mwenye shamba ambalo mstari unalipita anahesabiwa na analipwa ardhi yake. Jirani yake ambaye nyumba yake iko metre ishirini nje ya mstari hakupoteza hata jembe moja la udongo. Lakini kelele haijui mstari unaishia wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo haki ya wamama inapotea mara nyingi: malipo yanafuata ardhi, na ardhi mara nyingi inaandikwa kwa jina la baba, lakini anayebaki nyumbani na mtoto mchana wote ni mama. Hakuna karatasi inayomuuliza yeye.

Kusema haki, kazi ya bomba inatembea. Wanasafisha njia, wanapanga mabomba, wanayaunganisha kwa moto, wanachimba mtaro, wanashusha, wanafukia, na kundi linasogea mbele. Kijiji kimoja hakisikii mashini zote kwa miaka. Lakini kuna fasi ambako kelele inabaki: kambi za wafanyakazi, barabara za kamyo, na vituo vya kusukuma mafuta, ambavyo ni sita, viwili Uganda na ine Tanzania. Tena kuna kazi zisizongojea asubuhi. Wakipitisha bomba chini ya mto kwa kutoboa, mara nyingi hawasimami usiku, maana tundu linaweza kubomoka. Hizo ndizo siku ambazo watu wanapaswa kuambiwa mapema, na kwa mdomo, si kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi.

Nirudi kwa masomo, maana huko ndiko ninakojua zaidi. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 1999 kwamba ndani ya darasa, wakati wa kufundisha, kelele isipite desibeli 35, na ndani ya chumba cha kulala isipite 30. Sababu yake kila mwalimu anaijua kooni. Ili mtoto ashike maneno vizuri, sauti ya mwalimu inapaswa kuzidi kelele kwa desibeli 15. Mwalimu akisema kwa sauti ya kawaida, kwa mtoto wa benchi la nyuma inafika karibu 50 ao 55. Sasa fikiria shantie inayotii sheria vizuri, 60 inje ya darasa. Madirisha yetu yako wazi, mengi hayana vioo. Yanakata desibeli 10 mpaka 15 hivi. Ndani ya darasa inabaki 45 ao 50. Sauti ya mwalimu na sauti ya mashini zinafika nyuma karibu sawa. Kwa hiyo hata kiwango kikifuatwa, watoto wa mbele wanasoma na wa nyuma wanaangalia mdomo wa mwalimu. Watoto wadogo wanaoanza kusoma ndio wanaumia zaidi. Mkubwa anaweza kujaza neno ambalo hakulisikia. Mdogo bado halijui neno lenyewe.

Mtu atasema mvua juu ya mabati inapiga kelele kuliko mashini yoyote. Kweli, na mvua ikianza sisi walimu tunaacha kusema, tunaandika ubaoni. Lakini mvua inapita kisha saa moja. Na wale watakaosema vipaza sauti vya bar na vya maombi ya usiku ni vibaya kuliko shantie, nitawajibu siku ingine, kwa sababu pale wamama wengine watanikasirikia.

Kwa nini tujifunze haya, nasi hatuna bomba la mafuta hapa? Mwezi wa saba 2022 serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine upande wa Ziwa Albert. Mwezi wa kumi 2024 mnada huo ulifutwa. Mafuta hayakuhama, na siku moja swali litarudi. Na mbele ya mafuta kuna mabomba ya maji, barabara na nguzo za umeme, ambazo sisi wenyewe tunaziomba. Sheria yetu ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011, namba 11/009, inataka mradi unaoweza kuharibu mazingira uchunguzwe mbele ya kuanza, na raia waulizwe maoni yao. Maoni hayo ndiyo mlango wa wamama. Kikao kikiitishwa, msiwaachie wababa na machifu peke yao.

Katika kikao hicho, kuuliza “mutafanya kelele?” ni kupoteza wakati. Watajibu kidogo. Uliza kelele ya mtaa ilipimwa lini mbele ya kazi kuanza, mchana na usiku, na karatasi iko wapi. Bila tarakimu ya kwanza, hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba imeongezeka. Uliza wanatumia kiwango gani, cha mtaa ao cha ujenzi. Uliza chombo cha kupima kinawekwa wapi: mlangoni mwa shantie, ao mlangoni mwa nyumba ya mwisho, ao dirishani mwa darasa. Na swali ambalo linawasumbua zaidi: wastani wa muda gani? Kelele ya dakika kumi inayopasua masikio, ikigawanywa kwa saa nane, inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mtoto aliyeamka kwa kulia hakugawanya chochote.

Kuna mambo wanaweza kufanya bila kusimamisha kazi. Jenereta inageuzwa na kuwekwa nyuma ya rundo la udongo. Kamyo zinakatazwa kungurumisha injini zikiwa zimesimama. Kazi ya kuvunja mawe inapangwa kisha watoto kutoka masomo, ao siku ya posho. Siku za mtihani wa kumaliza masomo ya msingi na za Examen d'État zinajulikana mbele. Mkuu wa masomo azipeleke kwa kiongozi wa shantie kwa maandishi, na abaki na nakala yenye sahihi.

Na muwe na daftari. Telefone zingine ziko na programu ya kupima desibeli. Si chombo cha ofisi, inakosea, lakini inaonyesha kama usiku huu ulikuwa mbaya kuliko jana, hasa ikipima kila mara kwa telefone moja na fasi moja. Asiye na telefone hiyo aandike tu: tarehe, saa kelele ilianza, saa iliisha, ni mashini gani, na nini kilitokea ndani ya nyumba ao darasani. Mama mmoja akiandika, watasema ana mishipa. Nyumba sita za mstari mmoja zikiandika saa ile ile, usiku ule ule, kiongozi wa shantie atalazimika kuleta karatasi zake pia. Kwa wale walio karibu na kazi za bomba la maji mtaani, tumeweka daftari moja kwa mwandishi wa kikundi. Muje nalo siku ya pili, kisha masomo ya mchana, tulipige mistari pamoja.