Hesabu na Jicho la Mtoto

Mara kwa mara twasikia watu, wengine wenye vyeo, wakiuliza kwa dhihaka: mtu akaaye miaka mingi akishughulika na namba karatasini, asijenge daraja wala kumponya mgonjwa, hulipwa kwa kazi gani? Swali hili si la kipuuzi. Nchi yenye fedha chache ina haki ya kuliuliza. Lakini wengi waliulizao wamekwisha kulijibu mioyoni mwao, na jibu lao twaliona ni la haraka.

Na tutazame ugonjwa mmoja. Ipo saratani ishikayo jicho la mtoto mdogo, ambayo waganga wa hospitali huiita retinoblastoma. Mboni, badala ya kuwa nyeusi, hung'aa weupe kama jicho la paka usiku. Watoto wengine hushikwa jicho moja. Wengine yote mawili, na hawa kwa kawaida huugua wakiwa wadogo zaidi. Kwa nini iwe hivyo?

Mwaka 1971 daktari Alfred Knudson, aliyekuwa Houston huko Marekani, alichukua habari za wagonjwa 48 akazipigia hesabu. Alipochora kwa kipimo cha logi umri waliogunduliwa na ugonjwa, watoto wa macho mawili walimpa mstari ulionyooka. Wa jicho moja, mstari uliopinda. Mstari ulionyooka ni alama ya ajali moja tu ndani ya chembe ya mwili. Uliopinda ni alama ya ajali mbili. Akakata shauri kwamba kila chembe ina walinzi wawili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, na saratani huanza wote wawili wakiharibika. Mtoto aliyerithi mlinzi mmoja mbovu amebakiwa na mmoja tu, katika kila chembe ya macho yake.

Kanuni aliyoitegemea ni ya Mfaransa Poisson, aliyeieleza mwaka 1837 katika kitabu kihusucho hukumu za mahakama. Mahakama, wala si hospitali! Kwa kanuni hiyo, ikiwa waliorithi ubovu hupata uvimbe 3 kwa wastani, basi kama 5 katika kila 100 hawatapata hata mmoja. Hivyo mzazi mwenye macho mazima aweza kumrithisha mwanawe ugonjwa. Ni nyumba ngapi zimegombana na kumtafuta mchawi kwa jambo ambalo namba zalieleza waziwazi?

Mlinzi huyo alipatikana mwaka 1986, miaka 15 baada ya hesabu kumtabiri. Ni jeni yenye urefu wa herufi zipatazo 180,000, na kosa la herufi moja laweza kutosha kuiharibu. Macho ya mtu hayawezi kazi ya kulisaka kosa hilo. Kompyuta huiweza, nayo huendeshwa kwa mantiki ya sifuri na moja ambayo George Boole aliiandikia kitabu mwaka 1854, wakati ambapo hapakuwa na mashine ya kuitumia.

Hatusemi kwamba kila karatasi ya mwanahisabati itaponya mtu. Nyingi hazitaponya. Ila hapana waziri wala mhasibu awezaye kuzichambua mapema, na anayefunga mlango kwa zote amefunga na kwa ile moja.

Katika nchi ambako ugonjwa huu huonekana mapema, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hupona. Hapa Afrika ya Mashariki wengi hufikishwa hospitali jicho limekwisha kutokeza nje. Mama aonaye weupe katika mboni ya mwanawe asingoje wiki ipite. Na pale ambapo kipimo cha jeni kipo, wadogo zake mgonjwa hupimwa damu. Asiyeonekana na kosa lile hahitaji tena kulazwa usingizi wa dawa mara kwa mara ili macho yake yachunguzwe.