Safari ya Karata: Kutoka Misri hadi Tarime, na Kuzaliwa kwa Poka

Katika vibanda vya Tarime na Sirari, au chini ya mti wenye kivuli mjini Mugumu, si ajabu kuwakuta watu wanne wameizunguka meza wakicheza albastini. Huenda wakazungumza Kikuria, Kingoreme, Kijaluo au Kiswahili. Lakini wanapotaja kopa, uru, shupaza, pau na turufu, wote hutumia maneno yenye asili ya Kireno, ambayo yaliingia pwani ya Afrika Mashariki katika zama za Wareno, waliofika mwaka 1498 na kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu mwaka 1593.

Msomaji makini atauliza: kwa nini karata yenye picha ya moyo iitwe kopa, neno ambalo kwa Kireno lilimaanisha kikombe? Jibu liko Misri. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, mjini Istanbul, zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki, ambazo mtaalamu L. A. Mayer alizieleza katika maandishi yake ya mwaka 1939. Seti yake kamili ilikuwa ya karata 52 zenye alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Watu wa kusini mwa Ulaya, ambao hawakuujua mchezo wa polo, walizigeuza fimbo hizo kuwa marungu. Ndiyo asili ya pau. Baadaye Wareno walichukua karata za Kifaransa zenye moyo na maua, lakini majina ya kale hawakuyaacha.

Ushahidi mwingine ni wa hesabu. Kamusi za zamani za Kiswahili humwita mfalme wa karata "mzungu wa nne", kijana "mzungu wa tatu", na malkia "mzungu wa pili". Kwa nini kijana amzidi malkia? Katika michezo ya Kireno ya jamii ya biska, karata ya moja huhesabiwa pointi 11, saba 10, mfalme 4, kijana 3 na malkia 2. Jumla ni 30 kwa kila alama, yaani 120 kwa karata zote. Malkia alirithi nafasi ya picha iliyokuwa ya chini kabisa katika karata za kale za Wareno, na kijana akarithi ya mpanda farasi. Basi mchezaji wa albastini anayeona fahari kuinasa saba ya turufu anafuata hesabu iliyovuka bahari karne kadhaa zilizopita.

Poka ni tawi jingine la ukoo huohuo, lililopitia Ufaransa. Lilichipuka New Orleans na kando ya mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19, katika nchi iliyokuwa ya Wafaransa hadi mwaka 1803. Jina lake hudhaniwa kutokana na mchezo wa Kifaransa uitwao "poque". Mwigizaji wa Kiingereza Joseph Cowell aliuona ukichezwa ndani ya meli ya mvuke mwaka 1829. Wakati huo zilitumika karata 20 tu, kuanzia kumi hadi moja, na wachezaji wanne walizimaliza zote.

Kuingia kwa karata 52 kuliubadili mchezo wenyewe. Karata 20 hutoa mikono 15,504 ya karata tanotano, na kati ya hiyo ni minne tu yenye alama moja. Karata 52 hutoa mikono 2,598,960, na ile yenye alama moja isiyofuatana ni 5,108. Mkono wa tatu-na-mbili hupatikana kwa njia 3,744, ule wa mfululizo kwa njia 10,200. Hivyo daraja za poka si amri ya mtu: mkono ulio adimu zaidi ndio unaoshinda. Mwanafunzi wa kidato cha sita aweza kuzithibitisha namba hizi kwa kalamu na karatasi.

Lakini mikono 1,302,540, zaidi kidogo ya nusu, haina kitu, hata jozi moja. Hapo ndipo hila huingia, kwa sababu mwenye mkono mtupu huweza kuongeza dau ili wenzake wakimbie. Mwanahisabati John von Neumann aliichunguza hila hiyo, na katika kitabu alichokitoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944 alionyesha kwamba kudanganya mara chache, kwa kiasi kilichopimwa, ni sehemu ya uchezaji bora. Albastini hunoga bila senti moja mezani. Poka bila dau hupoteza uti wake wa mgongo.

Tofauti hiyo yafaa kuzingatiwa na kijana wa Mara, hasa siku ya mnada, fedha za ng'ombe zikiwa mfukoni. Mchezo wa karata tatu wa barabarani, uitwao pata potea, huonekana kumpa mtu nafasi moja kati ya tatu. Kwa kweli si mchezo wa bahati hata kidogo. Karata hubadilishwa kwa wepesi wa mkono, na yule "mshindi" anayeshangilia pembeni kwa kawaida ni mshirika wa mchezeshaji. Poka halali nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, wala haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Mchezeshaji wa pata potea hana leseni, na meza yake ni boksi analoweza kulikunja polisi wakitokea.