Bamba la Milioni Moja Halijafika Dandora

Katika mitaa ya Dandora, Nairobi, chombo huitwa kwa jina kabla ya nambari. Abiria aliye stejini haulizi herufi za usajili. Anauliza nganya ipi, yaani matatu ipi iliyopambwa, inapakia. Mwendesha bodaboda ameandika jina la bintiye kwenye tangi la mafuta, na kwenye mpira unaoning'inia nyuma ya gurudumu ameweka aya ya Zaburi. Hata mkokoteni wa kuuzia maji una jina lake. Kwa hiyo habari kwamba mwenye gari anaweza kuandikiwa jina lake kwenye bamba la usajili haikumshangaza mtu huku. Walichouliza ni bei.

Bei ni shilingi milioni moja.

Ndiyo ada anayoitaja afisa mmoja wa masuala ya usafiri, aliyezungumza kwa sharti kwamba asitajwe. Kwa maelezo yake, bamba binafsi ni huduma ya hiari wala si kodi. Anayetaka jina lisomeke mbele na nyuma ya gari lake alipie anasa yake, na serikali ipate fedha bila kumkamua mnyonge. Hoja hiyo inapendeza masikioni mpaka mtu ashike kalamu na karatasi. Bamba la kizazi kipya, lile lililozinduliwa Agosti 2022 na kuanza na mfululizo wa KDK, liliwekewa ada ya shilingi 3,000 kwa mwenye gari la zamani anayebadilisha. Magari milioni moja yakibadilisha, hizo ni shilingi bilioni tatu. Ili bamba la jina lilete kiasi hicho hicho, lazima wapatikane wanunuzi 3,000 walio tayari kutoa milioni nzima kila mmoja. Alipoulizwa hadi sasa wamepatikana wangapi, afisa huyo alisema ni wachache, kisha akarudia kwamba huduma ni ya hiari. Idadi hakuitoa.

Dandora ilianzishwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia: mtu alipewa kiwanja chenye maji na choo, nyumba akajijengea mwenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Hesabu ya huku bado ni ile ile ya kujenga kidogo kidogo. Milioni moja hununua pikipiki mpya tano za biashara, au gari dogo lililotumika ikabaki na chenji ya bima. Mwenye fedha hizo huku huongeza chombo cha pili. Kumwambia anunue herufi za chombo alicho nacho tayari ni kumwambia afunge mtaji wake kwenye kipande cha alumini.

Hata hivyo haifai kusema kwamba watu wa Dandora hawalipii majina. Wanalipia sana. Ila malipo yao hayapiti kwenye mfumo wa serikali, yanamfikia mchoraji.

Mchoraji mmoja, mwenye kibanda chenye mashine ya kukata stika na makopo ya rangi yaliyopangwa kwenye rafu ya mbao, anasema kazi hii imemlea tangu enzi ambazo matatu zilipakwa kwa brashi. Amepanda na kushuka na kila amri iliyotoka. Kanuni za usafiri za mwaka 2004 zilipoagiza matatu zote zipigwe mstari wa manjano na michoro ifutwe, yeye ndiye aliyelipwa kufuta majina aliyoyachora kwa mkono wake. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa kuandika mabango ya vinyozi na maduka ya rejareja. Mwaka 2014 rais wa wakati huo alipoitetea sanaa ya matatu, wateja walirudi na vijana wakaja kujifunza kibandani kwake. Msako wa matatu wa mwaka 2018 ukawatia wenye magari hofu tena, na kazi zilizokuwa nusu zikaachwa nusu. Anasema fundi wa namna yake hawezi kuchukua mkopo wa mashine kubwa, kwa sababu hajui kama biashara yake itakuwa halali mwaka unaofuata.

Lakini kilio chake kikubwa ni cha mabamba. Wateja wanamjia wakiomba herufi zisogezwe ili nambari isomeke kama neno, au bamba liwekewe herufi za kuinuka na fremu ya rangi. Wapo wanaotaka bamba zima lenye jina. Anawakataa. Anajua kwamba bamba lililochezewa humpeleka dereva kortini, na dereva akibanwa humtaja fundi. Mteja akikataliwa hapa anasogea vibanda viwili mbele, na huko hupata anachotaka. Basi fundi anayeheshimu sheria amepoteza mteja, na bamba bandia limeingia barabarani vilevile. Anachokiona ni dhuluma: jambo ambalo yeye angelifanya kwa mia chache na kukamatwa, serikali inaliuza kwa milioni na kuliita huduma.

Ulinganisho huo hauwezi kukubaliwa wote. Bamba la usajili ni kitambulisho cha dola, na kazi yake ni kumwezesha askari, mwenye bima na aliyegongwa kujua chombo ni cha nani. Halitengenezwi kibandani kwa sababu hiyo. Kwa miaka mingi limekuwa likitengenezwa na wafungwa, katika gereza la Kamiti. Lakini mchoraji ana hoja kwenye jambo lingine. Uhaba wa mabamba umejitokeza zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, na kila ulipojitokeza, wenye vyombo walikaa wakisubiri kitu walichokwisha kukilipia. Mwendesha bodaboda aliyepoteza bamba anapoteza na riziki ya siku zote za kungoja, isipokuwa akubali kujificha kwenye vichochoro. Kwa mtu wa aina hiyo, bamba la kawaida kupatikana kwa wakati ni habari kubwa kuliko bamba la jina kupatikana kwa milioni. Wauzaji wa anasa wangeanza na hilo.

Mmiliki mmoja wa matatu mbili zinazopeleka abiria mjini ana sababu ya kibiashara ya kutolitaka bamba hilo hata kama lingekuwa nafuu. Jina la nganya, anaeleza, lina umri wake. Mwanamuziki au mchezaji aliyetamba mwaka huu anaweza kuwa amesahaulika mwaka ujao, na abiria wachanga huhama pamoja na jina. Gari linapoanza kuchosha macho, hupelekwa kupakwa upya, likapewa jina jipya na muziki mpya, likarudi barabarani kama bi harusi. Bamba hubaki lile lile. Kulipa milioni kwa jina lisilobadilika, katika biashara inayoishi kwa kubadilika, ni kununua sare ya msimu uliopita. Maelezo haya yana uzito kuliko yale ya kawaida kwamba watu wa huku hawana pesa tu.

Kuna watu wanaolipenda wazo hilo. Kijana anayeendesha teksi ya programu ya simu anasema akipata angelinunua leo, kwa heshima tu ya kujulikana. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi anatikisa kichwa: jina lake likiwa nyuma ya gari, kila mwenye nia mbaya atajua ameegesha wapi na saa ngapi.

Wanaoguswa zaidi, ingawa hawasikiki, ni wanunuzi wa magari yaliyotumika. Kenya imetumia mfumo wa sasa tangu 1989: herufi tatu, tarakimu tatu, na herufi moja mwishoni. Herufi I na O hazitumiki ili zisichanganywe na 1 na 0, kwa hiyo kundi moja kama KDA lina nafasi zisizozidi 24,000. Kundi zima la KA lilichukua takriban miaka 18 kumalizika. Lile la KB lilianza 2007, la KC likafuata 2014, na la KD 2020. Kasi hiyo inaeleza ni kwa nini foleni za barabara ya Outering zimekuwa zilivyo, lakini imezaa na lugha ya soko. Muuzaji husema ana KCP, na mnunuzi hapo hapo ameshaanza kukata bei kichwani.

Lugha hiyo ina kasoro. Herufi husema gari liliandikishwa lini nchini, hazisemi lilitengenezwa lini. Kwa kuwa sheria huruhusu kuagiza gari lenye umri usiozidi miaka minane, gari lenye herufi mpya kabisa linaweza kuwa limekwisha kutembea barabara za Japani kwa miaka saba. Madalali wanaijua siri hiyo na wengine huitumia. Hata hivyo herufi ni kipimo cha bure, kinachosomeka ng'ambo ya barabara, na kwa mnunuzi asiye na fundi wa kumsindikiza ni bora kuliko kukosa kabisa. Bamba la jina linakifuta. Dalali mmoja anayezunguka kati ya Kariobangi na Kayole anakiri kwamba gari lenye jina badala ya mfululizo lingekuwa rahisi kulizungumzia, kwa maana kwamba mnunuzi angebaki na maneno ya muuzaji peke yake.

Nchi nyingine zimeipita njia hii. Tanzania, ambako huitwa namba binafsi, ilipandisha ada yake katika bajeti ya 2016/17 kutoka shilingi milioni tano za huko hadi milioni kumi, zinazolipwa kila baada ya miaka mitatu. Uingereza imekuwa ikiuza nambari za kuvutia tangu 1989 na kuzipiga mnada. Ghuba ndiko kuna wazimu wenyewe: Abu Dhabi iliuza bamba lenye tarakimu 1 pekee kwa dirham milioni 52.2 mwaka 2008, na Aprili 2023 Dubai ikauza P 7 kwa dirham milioni 55 katika mnada wa hisani. Mifano hiyo hutajwa na kila anayetetea bei ya juu. Lakini mnada wa Dubai hupanga bei kwa ushindani wa matajiri waliokaa ukumbi mmoja. Nairobi imeweka bei moja kwa kila mtu, kisha ikasubiri.

Je, bei itashuka? Afisa aliyenukuliwa hapo juu anasema ada hupitiwa mara kwa mara, jambo ambalo wafanyabiashara wamelisikia kuhusu ada nyingi ambazo hazikuwahi kushuka. Huenda siku moja likaletwa bamba la ngazi ya chini, kwa mfano la kuchagua tarakimu tatu tu, kwani wapo wengi wanaotamani 007 au 777 na wangelipa kiasi cha kadiri. Huenda pia lisiletwe, kwa sababu thamani ya anasa imo katika uchache wake. Kwa wachoraji wa Dandora dalili si mbaya: kadiri bamba rasmi linavyobaki ghali, majina yataendelea kuandikwa kwenye vioo, matangi na mabodi, ilimradi isitoke amri nyingine kama ya 2004. Hilo hakuna anayeliwekea dhamana.

Linaloweza kufanywa sasa, bila bajeti wala kanuni mpya, ni jepesi. Wanaotoza milioni moja kwa niaba ya umma wauambie umma ni mabamba mangapi ya jina yameuzwa tangu huduma ianze, mwaka kwa mwaka, na fedha zake zimeingia mfuko gani. Na ukiuziwa gari Kariobangi, liwe na jina la mtu au KDA ya kawaida, lipa shilingi 550 utafute rekodi yake ya usajili kabla ya kutoa hata shilingi ya amana.