Mizani na Msawazo katika Injini ya Silinda Nne

Mtu asemapo kwamba krenki ya injini "iko sawa", maneno yake yana maana mbili, na tusipozitenganisha hatutafahamu sababu ya injini kutetema. Maana ya kwanza ni mizani ya kitu kilichotulia: krenki hulazwa juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, na isipobingirika yenyewe uzito wake umelingana. Maana ya pili ni kulingana kwa nguvu wakati wa mwendo, nako hakuonekani mpaka injini izunguke.

Tutazame injini ya silinda nne zilizo katika mstari mmoja. Pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, huku ya pili na ya tatu zikishuka. Ungedhani kwamba nguvu zake zabatilishana kabisa, sivyo. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, huinama upande kila krenki izungukapo. Kwa hiyo krenki ikimaliza robo ya mzunguko kutoka juu, pistoni imekwisha kuvuka nusu ya safari yake. Basi pistoni hugeuka kwa ukali zaidi juu kuliko chini. Mbili zilizo juu huzishinda mbili zilizo chini, na ziada hiyo hutokea mara mbili katika kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mtetemo huwa mara 100 kwa sekunde. Na mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne.

Vipande vya uzito vilivyo juu ya krenki haviwezi kuiondoa ziada hii, maana huzunguka mara moja tu pale itokeapo mara mbili. Mwingereza Frederick Lanchester (1868–1946) alibuni dawa yake: mihimili miwili yenye uzito upande mmoja, izungukayo kinyume kwa mwendo maradufu wa krenki. Gari la Porsche 944 la mwaka 1982 lilitumia njia hiyo. Injini ya silinda sita katika mstari mmoja haihitaji mihimili hiyo, kwani ziada za pistoni zake hufutana.

Yafaa basi "mizani" libaki neno la kitu kilichotulia, na "msawazo" liwe la nguvu zilizo mwendoni. Mwanafunzi wa ufundi aliyepewa neno moja tu ataikwangua krenki isiyo na kosa, na mtetemo utabaki vilevile.